Profondo rosso, Suspiria au L'aldilà: uanze na muziki upi wa filamu za kutisha za Italia?

Anayetaka kuingia katika muziki ambao wanamuziki wa roki wa Italia waliutungia filamu za kutisha, tuseme kuanzia mwaka 1975 hadi 1982, huambiwa neno moja tu: "Sikiliza Goblin." Ushauri huo haumfikishi mbali. Goblin wa Profondo rosso na Goblin wa Suspiria wanasikika kama bendi mbili tofauti, na mtu aliyependa ya kwanza anaweza kabisa kuichoka ya pili kabla upande mmoja wa santuri haujaisha. Tena kuna mtunzi Fabio Frizzi, ambaye hakuwamo Goblin na hapaswi kuachwa nje ya hesabu. Kuna Keith Emerson, Mwingereza aliyeingia jikoni kwa Waitaliano. Na kuna Tenebre, ambayo ni Goblin bila jina la Goblin.

Ili kuzitofautisha, mimi huuliza swali moja kwanza: kipi kilitangulia, picha au muziki? Jibu lake linakuambia karibu kila kitu kuhusu namna albamu itakavyokaa masikioni mwako, na kama utaihitaji filamu ili uielewe.

Kabla ya hapo, neno kuhusu roki progresivu, mtindo uliowalea wanamuziki hawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Waitaliano waliipenda kuliko hata Waingereza wenyewe. Pawn Hearts, albamu ya Waingereza Van der Graaf Generator, iliongoza chati za Italia mwaka 1972, ilhali kwao haikuingia kabisa kwenye chati. Nyumbani Italia palikuwa na Premiata Forneria Marconi, Banco del Mutuo Soccorso, Le Orme na Osanna: bendi za tungo ndefu, za mapigo yanayobadilika katikati ya safari, ambamo kinanda kina cheo sawasawa na gitaa. Filamu ziliwahi kuwaona mapema. New Trolls mwaka 1971 na Osanna mwaka 1972 walirekodi muziki wa filamu pamoja na mtunzi Luis Bacalov, roki huku na nyuzi za okestra kule. Lakini zile zilikuwa filamu za uhalifu na njama. Kutisha kulikuja na kitu ambacho muziki huu ulikuwa nacho tayari: kifungu kifupi cha noti kinachorudiwa na kurudiwa, kwa hesabu isiyo ya kawaida, hadi mwili ungoje pigo ambalo haliji pale linapongojewa. Mtazamaji anashtuka kabla hajaona kisu.

Profondo rosso (1975): picha ilitangulia

Mwongozaji Dario Argento alikuwa ameshatoa filamu tatu za mauaji ya kificho zenye muziki wa Ennio Morricone. Kwa Profondo rosso alimtafuta Giorgio Gaslini, mpiga piano wa jazi aliyewahi kufanya naye kazi, kisha hakuridhika na kile alicholetewa. Alitaka roki, alifikiria hata kuwaita Pink Floyd. Cinevox, kampuni ya muziki wa filamu, ikampa vijana iliokuwa nao mkononi: Claudio Simonetti kwenye vinanda, Massimo Morante kwenye gitaa, Fabio Pignatelli kwenye besi na Walter Martino kwenye ngoma. Watatu wa kwanza walikuwa wamerekodi albamu iliyotoka kwa jina la Cherry Five, wakifuata nyayo za bendi za Kiingereza Yes na Genesis. Wakabadili jina wakawa Goblin. Filamu ilikuwa imeshapigwa, na muda waliopewa ulikuwa wa siku chache tu.

Haraka hapa ilikuwa na baraka. Hakuna kupotea njiani, hakuna solo ya dakika kumi. Utungo mkuu unaanza na noti zinazodonolewa upesiupesi, besi inaingia chini yake kwa uzito, halafu kinanda chenye sauti ya kanisa kinafunguka na kuijaza nafasi yote. Aliyewahi kusikia mwanzo wa Tubular Bells ya Mike Oldfield, ule uliotumika katika The Exorcist mwaka 1973, atautambua undugu mara moja. Tofauti ni kwamba Oldfield anaelea, Goblin wanakanyaga. Pignatelli ndiye sababu. Sikiliza "Death Dies", besi na ngoma zinavyofukuzana. Kipande hicho kingeweza kuchezwa klabuni bila mtu kuuliza kimetoka filamu gani.

Santuri ile ilifika kileleni mwa mauzo nchini Italia, jambo ambalo muziki wa filamu ya mauaji haukutarajiwa kulifanya.

Kuna kitu kimoja ambacho mashabiki wengi wa Goblin hawakisemi vya kutosha: Gaslini hakuondoka kabisa. Upande wa pili wa santuri una tungo zake, ukiwamo wimbo wa mtoto ambao muuaji anaucheza kabla ya kuua. Tazama mwanzo wa filamu. Majina yanapita juu ya skrini na utungo wa Goblin unaunguruma, ghafla unakatwa. Chumba chenye mti wa Krismasi, wimbo wa mtoto, vivuli viwili ukutani, kisu kinaanguka sakafuni, miguu ya mtoto inakisogelea. Kisha Goblin wanarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Watunzi wawili ambao hawakukusudiwa kukaa pamoja wanabebana hapo kuliko ambavyo yeyote kati yao angeweza peke yake. Kwa hiyo usisikilize upande wa kwanza ukaacha wa pili.

Kwa sababu muziki ulitungwa kuifuata filamu iliyokwisha kupigwa, ungetarajia uitegemee. Mambo ni kinyume. Argento aliuweka kama ngumi: unaanza ghafla kwa sauti kubwa, unakatwa ghafla, na baina yake kimya. Matokeo yake kila kipande ni kamili chenyewe, kina kichwa na mkia. Hii ndiyo albamu ya kusikiliza bila kuona chochote, hata ndani ya basi.

Suspiria (1977): muziki ulianza kabla ya kamera

Hapa hadithi inageuka. Goblin walitunga muziki kabla filamu haijapigwa, na Argento akawa anaupiga kwa sauti kubwa wakati waigizaji wakiigiza, ili hofu yao isiwe ya kubuni tupu. Jina la Argento mwenyewe limo katika orodha ya walioshiriki kuutengeneza. Safari hii bendi ilikuwa na muda studioni, na kwenye ngoma alikuwapo Agostino Marangolo.

Utausikia muda huo. Utungo mkuu una selesta inayolia kama kisanduku cha muziki cha mtoto, buzuki ya Kigiriki, tabla, sintesaiza kubwa ya Moog, Mellotron (kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye kanda), na juu ya vyote hivyo sauti ya Simonetti akinong'ona na kukwaruza koo kama mtu aliyesimama nyuma ya sikio lako. Tabla isikupite. Aliyelelewa na taarabu ya Mombasa, ile inayochota toka nyimbo za filamu za Kihindi, anaijua tabla kama chombo cha furaha, cha harusi. Kuisikia ikipigwa ili kutangaza uchawi ni jambo la kushangaza kweli, na nadhani msikilizaji wa pwani yetu anapata mshtuko ambao Mzungu haupati.

Filamu inamhusu Suzy, msichana wa Kimarekani anayeigizwa na Jessica Harper, anayefika Ujerumani kusoma balei katika chuo ambacho ni pango la wachawi. Mwanzo wake ni somo la namna ya kutumia muziki. Suzy anatembea ndani ya uwanja wa ndege. Milango ya kioo inajifungua mbele yake: selesta inasikika. Milango inajifunga: kimya, ni kelele za kawaida za abiria. Inafunguka tena, muziki tena. Kwa hiyo muziki uko nje, unamngoja kwenye mvua. Hautoki kwa okestra isiyoonekana. Ni mkazi wa mji ule.

Basi muziki uliotangulia picha uligeuka kuwa hali ya hewa ya picha. Ndiyo maana nasema, kwa moyo wote, usianze na Suspiria bila filamu. "Witch" ni ngoma nzito na vilio. "Sighs" ni gitaa la akustika linalozidi kuharakisha huku watu wakihema na kulia juu yake. Ukiwa peke yako na spika, ukiwa hujaona rangi nyekundu na buluu za filamu ile, baadhi ya watu huvichukulia vipande hivi kama fujo. Ukishaona, haviwezi kutengana tena. Nusu ya pili ya albamu inarudi kwenye bendi tunayoijua: "Black Forest" ni roki ya jazi ya kupendeza kabisa, na "Blind Concert" ina besi ya kutikisa kichwa. Aliyetoka Profondo rosso na kukwama Suspiria aanzie huko nyuma, kisha arudi mbele.

Nikilazimishwa kusema ipi ni kubwa zaidi kati ya hizi mbili, ni Suspiria, bila kusita. Nikiulizwa ipi umpe mtu anayeanza, ni Profondo rosso. Maswali hayo mawili yanachanganywa mno, na ndiyo maana wageni wengi wanakimbia.

Zombi (1978): filamu moja, mikato miwili

George Romero aliipiga Marekani, sehemu kubwa ndani ya jengo la maduka la Monroeville, Pennsylvania; wengi wanaijua kama Dawn of the Dead. Argento alisaidia kuigharamia, naye akapata haki ya kuikata upya kwa ajili ya Ulaya. Mkato wa Romero unatumia sana muziki wa maktaba, wa akiba, mwingine wa kuchekesha, unaoyafanya mazombi yawe kejeli juu ya wanunuzi. Mkato wa Argento ni mfupi zaidi, una kasi, na umejaa Goblin. Anayetafuta bendi achague mkato wa Argento. Anayetafuta filamu bora, nadhani, achague wa Romero.

Kama albamu, Zombi ni duka la kila bidhaa. Utungo wa kwanza, "L'alba dei morti viventi", ni pigo zito la polepole ambalo ni miongoni mwa vitu vizuri kuliko vyote walivyowahi kufanya. Lakini baadaye kuna muziki wa mchezo wa kurushiana keki usoni, kuna gitaa la moto, na kuna "Safari", ngoma na sauti za Waitaliano wakiiwazia Afrika wakiwa studioni. Sisi tunaoishi kwenye bara hilo tutakisikia kipande hicho kwa sikio letu wenyewe, na halitakuwa sikio la upole. Isiwe albamu yako ya kwanza.

Inferno (1980): pale Argento alipomwita Emerson

Kwa filamu iliyofuata hadithi ya Suspiria, Argento aliwaacha Goblin akamchukua Keith Emerson wa Emerson, Lake & Palmer. Hakuwa mgeni kabisa kwa Waitaliano, kwa kuwa lebo ya bendi yake, Manticore, ndiyo iliyowatoa Premiata Forneria Marconi na Banco kwa wasikilizaji wa nje ya Italia. Alichotunga ni piano na okestra kwa sehemu kubwa, kazi ya mtu aliyesoma muziki na anayependa kuonesha kwamba amesoma. Ipo kwaya ya Kilatini, "Mater Tenebrarum", inayopanda hadi juu kabisa kwa fahari. Na ipo safari ya teksi mjini Roma ambamo Emerson anachukua "Va, pensiero", ile kwaya ya Verdi toka Nabucco ambayo kila Mtaliano anaijua kwa moyo, na kuipiga kwa hesabu ya tano badala ya ile iliyozoeleka. Kwenye filamu, wanafunzi wa muziki wametoka kuisikiliza darasani muda mfupi uliopita, kwa hiyo upotoshaji wake una maana.

Ninaiheshimu. Siipendi kama hizo mbili za mwanzo, kwa sababu Emerson anakutaka umstaajabie, na hofu haipatani na kustaajabia. Ila kama umekulia kwenye piano, kwenye kwaya ya kanisa, au kwenye muziki wa klasiki, ipandishe iwe ya kwanza kabisa. Utakuwa nyumbani.

L'aldilà (1981): Frizzi, kwa wapenda tuni

Kama Argento alikuwa na Goblin, mwongozaji mwenzake Lucio Fulci alikuwa na Fabio Frizzi. Walianza mwaka 1975 na I quattro dell'apocalisse; mwaka 1977 ikaja Sette note in nero, ambayo Frizzi aliitungia pamoja na Franco Bixio na Vince Tempera, huyu wa mwisho akiwa mpiga vinanda aliyepitia bendi ya roki progresivu iitwayo Il Volo. Kisanduku kidogo cha muziki cha filamu hiyo ndicho Quentin Tarantino alichokichukua na kukiweka ndani ya Kill Bill, ile ya mwaka 2003. Zikafuata Zombi 2 mwaka 1979, Paura nella città dei morti viventi mwaka 1980, kisha L'aldilà, hadithi ya hoteli ya Louisiana iliyojengwa juu ya mlango wa jehanamu.

Frizzi hakimbizi mtu. Anaweka besi inayotembea polepole, ngoma zisizo na papara, piano, halafu kwaya inaingia, na kwaya ile inaimba tuni ambayo utaibeba hadi nyumbani. Hapo ndipo anapotofautiana na Goblin kwa kina. Goblin wanakutisha kwa mapigo na kwa sauti yenyewe ya vyombo. Frizzi anakusikitisha kwanza. Filamu za Fulci ni za ukatili mkubwa, macho na nyama, kiasi kwamba watu wengi hawawezi kuzimaliza, na siwalaumu. Muziki wake unazitazama maiti zile kwa huruma ambayo kamera haina. "Voci dal nulla" ni kipande ambacho ningempa mtu asiyetaka kusikia habari ya filamu za kutisha hata kidogo, nikamwacha aniambie mwenyewe amesikia nini.

Hiyo ndiyo sababu L'aldilà ni chaguo langu kwa mtu anayependa tuni kuliko mdundo, na pia kwa mtu ambaye hataki kabisa kutazama. Suspiria inaidai filamu. Hii inakuruhusu kuiepuka.

Tenebre (1982): mashine zinaingia

Goblin walikuwa wameshatawanyika. Simonetti alikuwa amezama kwenye disko, ambako alifanikiwa sana na mradi wa Easy Going. Argento akamrudisha pamoja na Morante na Pignatelli, na muziki ukatoka kwa majina yao matatu badala ya jina la bendi. Mpiga ngoma akapisha mashine ya ngoma, na sauti ya binadamu ikapitishwa kwenye vokoda ikatoka kama roboti. Anayetafuta roki progresivu safi atalalamika. Mimi nasema ni hatua ya kawaida ya wanamuziki wenye masikio wazi: kile kifungu kinachorudiwa bila huruma bado kipo, kimebadili nguo tu.

Kuna tukio ambamo kamera inapanda ukuta wa nyumba ya wanawake wawili, inavuka paa, inashuka upande wa pili, bila mkato, kwa zaidi ya dakika mbili, huku utungo mkuu ukivuma. Halafu mmoja wa wale wanawake anapiga kelele kumwambia mwenzake apunguze sauti. Kumbe muziki ulikuwa ukitoka kwenye santuri ndani ya nyumba. Mtazamaji aliyekuwa amejificha nyuma ya muziki anavuliwa hadharani. Mwaka 2007 Wafaransa Justice waliuchukua utungo huu na kuujengea "Phantom", kwa hiyo kama wewe ni mtu wa muziki wa dansi wa kielektroniki, damu yake umeshaisikia tayari. Kwako Tenebre ndiyo mlango, wala usijilazimishe kuanza na 1975 kwa kuheshimu tarehe.

Kuhusu matoleo

Albamu hizi zimetolewa upya mara nyingi, na matoleo ya karibuni huongezwa vipande vingi: mazoezi, mikato ya sekunde arobaini, utungo uleule mara tano. Kwa msikilizaji wa kwanza nyongeza hizo ni mzigo. Santuri ya awali ya Profondo rosso ni fupi, na ufupi huo ni sehemu ya nguvu yake. Kama unaisikiliza kupitia intaneti, tafuta orodha yenye vipande saba, uiache ile ndefu kwa siku ambayo utakuwa umeipenda tayari. Kwa Suspiria angalia mwaka: filamu ya 2018 yenye jina hilohilo, ya Luca Guadagnino, ina muziki wa Thom Yorke, mzuri kwa namna yake ila ni jambo jingine kabisa.

Morante alifariki mwaka 2022, kwa hiyo bendi ya mwaka 1975 haiwezi kurudi ilivyokuwa. Simonetti angali anapiga, kwa jina la Claudio Simonetti's Goblin, mara nyingi filamu ikioneshwa ukumbini na bendi ikicheza chini ya skrini. Frizzi naye amefanya hivyo na L'aldilà. Msomaji aliye Ulaya au Marekani akiona tangazo la onesho la Suspiria la namna hiyo karibu na kwake, asiangalie tena orodha yangu. Aanze na hilo.